Mwongozo Kamili wa Kuandaa Stendi ya Mkono ya Kupimia Kani Juu ya Meza

Lalamiko linalorudi kila mara kwa wanaoanza kutumia stendi ya mkono, yaani fremu inayobeba geji (kifaa kinachosoma kani) na kuisogeza ili kuvuta au kugandamiza sampuli, ni moja: sampuli za kundi moja, zinazofanana kwa kila hali, zinapimwa kwa stendi ileile na mtu yuleyule, lakini namba zinazopatikana hazikaribiani. Geji hurudishwa kwa muuzaji, hukaguliwa, kisha huletwa tena bila kasoro yoyote, na tatizo linabaki palepale.

Mara nyingi kosa haliko kwenye geji bali kwenye njia ambayo kani inapitia. Kutoka kwenye kihisi cha geji, kupitia mhimili wake, kishikio cha juu, sampuli, kishikio cha chini hadi kwenye kitako cha stendi, kani inapaswa kupita katika mstari mmoja ulionyooka, bila kitu kilicholegea katikati. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga kuulinda mstari huo, na anayeruka hatua moja kwa haraka atalazimika kuirudia baadaye akiwa na namba asizoweza kuziamini.

## Vifaa vya kukusanya kabla ya kuanza

- Stendi yenyewe, ya usukani au ya wenzo, pamoja na kitabu chake cha maelekezo.
- Geji ya kani, skrubu zake za kufungia na bamba la kuiunganisha na kibebeo, yaani kile kipande kinachopanda na kushuka kwenye nguzo.
- Viambata vya kupimia: kulabu, sahani bapa mbili, ncha ya koni na ufito wa kuongezea urefu.
- Vishikio viwili vinavyolingana na umbo la sampuli.
- Spana za pembe sita, pimamaji, skwea ya chuma, kalipa na timazi ndogo yenye ncha kali.
- Mawe ya mizani yaliyohakikiwa, angalau mawili yenye uzito tofauti.
- Karatasi nyeupe na karatasi ya kaboni. Usivipuuze kwa sababu ni vitu rahisi. Vitakuonyesha kasoro ambayo macho hayaioni.
- Springi moja imara ya mgandamizo, itakayotunzwa kwa ajili ya majaribio ya stendi pekee.
- Miwani ya kinga, na kipande cha plastiki angavu cha kusimamisha mbele ya sampuli zinazovunjika kwa kishindo.

Kama hujanunua stendi bado, fahamu kwamba stendi ya wenzo ni ya haraka na inafaa kwa majaribio mengi ya kufaulu au kushindwa, wakati stendi ya usukani ni ya polepole lakini inampa mpimaji mwendo laini. Kwa yeyote anayetafuta namba ya kuandika kwenye ripoti, ningemshauri achukue ya usukani.

## Hatua ya 1: Chagua geji inayolingana na kazi

Kosa linaloruhusiwa la geji nyingi hutajwa kama asilimia ya kipimo chake cha juu kabisa, si ya namba unayoisoma. Geji ya nyutoni 500 yenye kosa la asilimia 0.5 inaweza kupotoka kwa nyutoni 2.5 mahali popote kwenye kipimo chake. Ukipima kani ya nyutoni 200, kosa hilo ni zaidi kidogo ya asilimia moja. Ukipima nyutoni 10 kwa geji hiyohiyo, kosa linafikia robo ya kile unachokisoma, na namba hiyo haifai kwa uamuzi wowote.

Chagua geji ambayo kani unayoitarajia itaangukia kati ya asilimia 20 na 80 ya uwezo wake. Hakikisha pia kwamba uwezo wa stendi haupungui uwezo wa geji. Vishikio navyo vina mipaka yake; kipande dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoweka kikomo cha mfumo mzima.

## Hatua ya 2: Tayarisha meza na ufunge kitako

Meza iwe nzito, isiyotikisika, na isiwe pamoja na mashine inayotetemesha. Elekeza feni kwingine, kwa sababu geji za uwezo mdogo husoma hata upepo unaopuliza kishikio.

Weka stendi, sawazisha kitako kwa pimamaji katika pande mbili zinazokingamana, kisha ukifunge kwenye meza kwa bolti. Kaza bolti kwa mtindo wa mshazari, kidogo kidogo, ukirudi kwenye kila moja mara kadhaa. Bolti moja ikikazwa hadi mwisho kabla ya nyingine, kitako hupindika na nguzo huegemea upande mmoja. Baada ya kukaza zote, rudisha pimamaji na uangalie tena. Ikiwa kiputo kimehama, legeza bolti zote, weka vipande vyembamba vya chuma chini ya pembe iliyo na uwazi, kisha uanze upya.

Wengine huona kufunga kitako si lazima, kwa hoja kwamba kani ya kuvuta au kugandamiza huishia ndani ya fremu ya stendi yenyewe na haiifikii meza. Hoja hiyo ni sahihi kuhusu kani ya kipimo, lakini inasahau mkono wa mpimaji. Ukivuta wenzo kuelekea kifuani, unaivuta stendi nzima, na mtikiso huo mdogo hufika kwenye sampuli.

Dalili ya mafanikio: ukishika nguzo juu na kuisukuma kwa kiganja, haitikisiki, na kiputo cha pimamaji kiko katikati pande zote mbili.

## Hatua ya 3: Funga geji kwenye kibebeo

Pandisha kibebeo hadi urefu unaokufaa na ukifunge kisishuke. Shikilia geji kwa mkono mmoja na uingize skrubu zote kwa vidole kabla ya kukaza yoyote. Tumia skrubu za urefu uleule ulioelekezwa, kwa sababu skrubu iliyozidi inaweza kupenya ndani ya kasha na kugusa sehemu za ndani za geji.

Kisha funga kiambata kwenye mhimili wa kihisi kwa vidole pekee. Hapa onyo linahitajika: kamwe usikaze kiambata kwa spana huku kasha la geji likiwa ndilo linalozuia mzunguko. Kihisi kimetengenezwa kupokea kani ya kwenda mbele na nyuma. Nguvu ya kukinyonga inaweza kukiharibu kabisa. Iwapo kuna nati ya kufungia, zuia kiambata kwa spana moja na ukaze nati kwa nyingine, taratibu.

## Hatua ya 4: Nyoosha mstari wa kani

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi kuliko nyingine zote.

Kwanza elewa kwa nini kosa lake halionekani. Chukua mfano wa kishikio cha chini kilichowekwa pembeni kiasi kwamba kani inapita kwa mshazari wa nyuzi 5. Kani inayoelekea kwenye mstari wa geji hupungua kwa asilimia 0.4 tu, na hakuna atakayeigundua tofauti hiyo kwenye skrini. Lakini kani ya upande inayozaliwa ni karibu asilimia 9 ya kani nzima. Ukivuta kwa nyutoni 200, mhimili wa geji unasukumwa ubavuni kwa nyutoni zipatazo 17. Msukumo huo huongeza msuguano, huipinda sampuli, huanzisha mpasuko upande mmoja, na ukirudiwa kwa muda mrefu huchosha kihisi. Skrini inaonyesha namba inayoelekea kuwa ya kweli huku sampuli ikivunjika kwa namna isiyo yake.

Kwa majaribio ya kuvuta. Tundika timazi kwenye kulabu ya geji, uzi uwe mfupi kiasi cha kuacha nafasi ndogo kati ya ncha na kitako. Subiri timazi itulie. Bandika karatasi kwenye kitako na utie alama ya nukta chini ya ncha. Sasa pandisha kibebeo kwa milimita 200 hivi, subiri tena, na uangalie ncha inaelekea wapi. Ikiwa bado iko juu ya nukta ileile, nguzo imesimama wima. Ikiwa imehama kwa milimita moja, nguzo imeinama kwa karibu theluthi moja ya nyuzi. Kwa kazi nyingi kiasi hicho kinavumilika, lakini zaidi ya hapo rudi Hatua ya 2. Nukta hiyo ndiyo kitovu chako: funga kishikio cha chini ili katikati ya taya zake pawe juu yake hasa.

Kwa majaribio ya kugandamiza. Weka ncha ya koni kwenye geji na uishushe hadi ikaribie kitovu cha sahani ya chini, kisha usogeze sahani hadi ncha na kitovu vikutane. Ondoa koni, funga sahani ya juu, na uweke kati ya sahani mbili karatasi nyeupe iliyofunikwa na karatasi ya kaboni, upande wenye wino ukitazama chini. Gandamiza kidogo tu, kisha utoe karatasi na uiangalie karibu na mwanga. Duara lililokolea sawasawa linaonyesha kwamba nyuso mbili ziko sambamba. Ukiona mwezi mwandamo, yaani weusi upande mmoja na weupe upande wa pili, sahani moja imeinama. Zungusha sahani ya juu kwa nusu mzunguko na urudie: weusi ukizunguka nayo, kasoro iko kwenye sahani hiyo au thredi yake, weusi ukibaki mahali pale pale, kasoro iko chini au kwenye nguzo. Jaribio hili huchukua muda mfupi sana na hueleza mengi kuliko saa nzima ya kukodolea macho pembeni mwa stendi.

Dalili ya mafanikio: timazi haihami juu ya nukta wakati kibebeo kinasafiri, au karatasi inatoa duara lililokolea pande zote.

## Hatua ya 5: Weka vizuizi vya mwendo

Wengi huamini kwamba mkono utahisi kani inapozidi. Hautahisi. Usukani wenye nusu kipenyo cha milimita 60 unaozungusha skrubu yenye hatua ya milimita 2, yaani inayosogea milimita 2 kwa kila mzunguko, husafiri karibu milimita 377 ili kibebeo kisogee milimita 2. Hata kama theluthi mbili za nguvu ya mkono zingepotea kwenye msuguano, mkono unaosukuma kwa nyutoni 10 pekee, karibu sawa na uzito wa kilo moja, bado ungezalisha zaidi ya nyutoni 600. Chuma kikigusana na chuma, robo ya mzunguko inaweza kutosha kuua geji ndogo.

Kwa hiyo telezesha pete ya kuzuia kwenye nguzo na uikaze mahali ambapo sahani ya juu haiwezi kuifikia ya chini, wala kishikio kimoja kugonga kingine. Kama stendi yako haina pete, funga kipande cha bomba la chuma kilichopasuliwa ubavuni na kukazwa kwa bolti. Washa pia kengele ya geji, ikiwa inayo, katika asilimia 90 ya uwezo wake.

## Hatua ya 6: Hakiki geji kwa mawe ya mizani

Washa geji na uiache dakika 15 ipate joto lake la kawaida. Ondoa kila kitu kwenye kulabu, bonyeza sifuri, kisha utundike jiwe la kilo moja. Usitarajie kusoma nyutoni 10. Uzito ni kilo zidisha mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao ni takriban 9.78 kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha za dunia. Jiwe la kilo 5 litasomeka nyutoni 48.90 kwenye ikweta na 49.16 kwenye ncha. Tofauti hiyo ni nusu asilimia, kiasi kilekile cha kosa la geji nyingi, hivyo tumia thamani ya mahali ulipo.

Tundika jiwe dogo, kisha kubwa, halafu yote pamoja, na uandike kila usomaji. Rudi nyuma kwa mpangilio uleule, ukimalizia na kulabu tupu. Skrini isiporudi sifuri, au usomaji wa kupanda na wa kushuka ukitofautiana kuliko kitabu kinavyoruhusu, geji ina kasoro na ipelekwe kwa wataalamu. Ukaguzi huu hauchukui nafasi ya cheti cha ugezi, yaani cheti kinachothibitisha usahihi wa geji. Kazi yake ni kukuambia kama geji imebadilika tangu cheti kilipotolewa.

Ukitaka kukagua upande wa kugandamiza, geuza geji juu chini, funga sahani bapa, na ubonyeze sifuri upya kabla ya kuweka jiwe. Ukigeuza geji bila kubonyeza sifuri, uzito wa kiambata huhesabiwa mara mbili: uliokuwa ukivuta sasa unasukuma.

## Hatua ya 7: Pima unyumbufu wa stendi yenyewe

Ruka hatua hii ikiwa unahitaji kani peke yake. Ikiwa unapima pia umbali ambao sampuli inavutika au kugandamizika, huwezi kuiruka, kwa sababu nguzo, kibebeo na kihisi hunyumbuka kidogo vinapobeba mzigo, na kipimo cha umbali huhesabu unyumbufu huo kana kwamba ni wa sampuli.

Ondoa pete ya kuzuia, gusanisha sahani mbili bila sampuli, na uongeze kani kwa uangalifu mkubwa hadi nusu ya uwezo wa geji, ukiandika umbali katika kila kiwango. Umbali huo ndio utakaoutoa kwenye matokeo yako katika kani ileile. Rudisha pete mara moja. Na wakati wote wa kupima umbali, ufikie kila nukta ukitoka upande uleule, maana skrubu ina nafasi ndogo ya kulegea inapobadilishiwa mwelekeo.

## Hatua ya 8: Funga sampuli

Funga kishikio cha juu, bonyeza sifuri, ndipo ulete sampuli. Anza na taya za juu, iache sampuli ining'inie kwa uhuru, kisha ufunge taya za chini bila kuilazimisha kwenda upande wowote. Iwapo inabidi uisukume kwa kidole ili iingie kwenye taya za chini, mstari wa kani haujanyooka.

Chora mstari mwembamba kwa kalamu kwenye sampuli, ukiambaa na ukingo wa kila taya. Baada ya jaribio, mstari uliotoka nje ya taya unaonyesha kwamba sampuli iliteleza. Kipande cha msasa kilichokunjwa, uso wenye chenga ukiigusa sampuli, hutibu utelezi wa vitu laini. Na sampuli inayokatikia kwenye ukingo wa taya imekatwa na kishikio, hivyo usiichanganye na zile zilizokatikia katikati.

## Hatua ya 9: Pima

Vaa miwani na usimamishe kinga. Chagua hali ya kilele, ili geji ishike kani kubwa kuliko zote hata skrini isipoweza kubadilika kwa kasi hiyo. Zungusha taratibu hadi ulegevu uishe na geji ionyeshe asilimia moja au mbili ya kani unayoitarajia. Simama hapo kidogo, kisha uendelee kwa mwendo mmoja usiokatika.

Mwendo ni sehemu ya kipimo. Plastiki, mpira na gundi huonyesha kani kubwa zaidi vinapovutwa kwa kasi zaidi, hivyo watu wawili wenye mikono tofauti watapata majibu tofauti kwa sampuli ileile. Kwa skrubu yenye hatua ya milimita 2, mzunguko mmoja kwa kila sekunde mbili ni milimita 60 kwa dakika. Fuata mlio wa saa ili usiuharakishe. Ikiwa kiwango unachotakiwa kukifuata kinadai kasi isiyobadilika, stendi ya mkono haifai kwa kazi hiyo na unahitaji ya mota.

Usiusukume wenzo kwa kishindo. Hali ya kilele haibagui: mshtuko wa mkono huandikwa kama kani ya sampuli.

## Hatua ya 10: Jaribu kurudia, kisha usome mpangilio wa namba

Kabla ya kuamini matokeo ya kazi halisi, gandamiza ile springi ya majaribio hadi umbali uleule mara tano. Mimi huona stendi iko tayari pale ambapo tofauti kati ya namba kubwa na ndogo haizidi asilimia moja. Ikizidi, mpangilio wa namba utakuonyesha pa kutazama.

Namba ya kwanza ikiwa peke yake na nne zilizobaki zikikubaliana, kulikuwa na ulegevu uliokaa sawa katika jaribio la kwanza. Kaza viungo vyote. Namba zikiteremka kila mara, kuna kitu kinachoteleza, mara nyingi bamba la geji kwenye kibebeo. Namba zikitawanyika bila mpangilio, zungusha springi kwa nusu mzunguko na urudie: matokeo yakibadilika waziwazi, rudi Hatua ya 4, yasipobadilika, tazama mwendo wa mkono wako.

Kwa kila jaribio la kweli andika namba ya utambulisho wa geji, aina ya kishikio, kasi, hali ya joto la chumba, mwelekeo wa sampuli na mahali ilipokatikia. Andika kani pamoja na kipimo chake, kwa kuwa geji ileile huweza kuonyesha nyutoni au kilo za kani, na kilo moja ya kani ni nyutoni 9.80665.

Unapomaliza, rudisha kani hadi sifuri kabla ya kufungua taya, kisha uitoe sampuli na kishikio cha juu. Geji isiachwe usiku kucha ikibeba kishikio kizito wala springi iliyogandamizwa, kwa sababu mzigo wa kudumu huhamisha sifuri yake. Pandisha kibebeo, ukifunge, na uandike usomaji wa sifuri wa mwisho karibu na ule wa asubuhi. Vikitofautiana kuliko kosa la geji linavyoruhusu, majaribio ya siku hiyo yarudiwe.